Maneno Yanayoweza Kungoja

Katika karne ya kumi na tisa msafara uliotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe, yaani nchi ya Tabora, ulichukua aghalabu miezi mitatu njiani, na Henry Stanley, aliyefika Tabora mwaka 1871 baada ya siku 84, alijisifu kwamba amekwenda mbio. Kwa sababu hiyo mfanyabiashara wa Tabora aliyetaka kumwandikia mshirika wake wa Unguja hakushika kalamu kwa pupa. Alijua kwamba waraka wake, uliokwisha kuandikwa kwa herufi za Kiarabu na kukabidhiwa tarishi au mkuu wa msafara, utapita Ugogo na Usagara, utalala katika mizigo, pengine utalowa mvua, na kwamba jibu lake, Mungu akipenda, litarudi baada ya nusu mwaka. Basi alitimiza salamu zake, akaeleza bei ya pembe na habari za vita, akayajibu mapema maswali ambayo alidhani mwenziwe atamwuliza, kisha akatia tarehe na jina. Siandiki haya ili kuusifu ucheleweshaji, wala kuisifu misafara, ambayo katika mizigo yake walihesabiwa pia wanadamu waliofungwa minyororo. Naandika kwa kuwa vijana wa Tabora, Nzega na Urambo wenye jambo zito la kusema hujiuliza leo kama ingali ipo faida ya kufungua blogu, wakati ambapo jamaa na majirani wote wamehamia katika makundi ya WhatsApp, na neno lililosemwa Isevya hufika Muscat kabla chai haijapoa.

Jawabu langu ni kwamba faida ipo, tena kubwa, lakini si kwa kila neno wala kwa kila mtu. Blogu inafaa kwa neno linaloweza kungoja: simulizi, uchunguzi, hoja yenye sehemu nyingi, shaka ambayo mwenye kuwaza hajaimaliza na anataka wengine wamsaidie kuimaliza. Haifai kwa neno linalotaka jibu la leo, kama vile bei ya mahindi sokoni au habari ya basi lililokwama kati ya Nzega na Igunga. Hayo simu huyabeba vizuri zaidi, na hakuna haja ya kuionea husuda. Mwandishi anayechanganya aina mbili hizi hupata hasara pande zote, kwani habari zake za leo huchacha kabla hazijasomwa, na fikira alizozilea mwaka mzima hupitwa na watu kama salamu za asubuhi.

Kiswahili hakikuchelewa kuingia katika uwanja huu. Ndesanjo Macha, akiishi Marekani, alianza kuandika blogu yake ya Jikomboe mwaka 2004, na aghalabu hutajwa kuwa ndiye aliyewatangulia wengine katika lugha yetu. Mwaka uliofuata mpigapicha Issa Michuzi akafungua yake, ambayo kwa picha za harusi, misiba, ziara za viongozi na mikutano ya Watanzania walio ughaibuni ilijipatia wasomaji ambao magazeti mengi yangewatamani. Mmoja aliwaita watu waje wawaze pamoja naye, wa pili aliwaita waje waone, na umma, kama kawaida ya umma, ulikimbilia zaidi kuona. Walakini katika miaka ile wenye blogu walisomana. Aliyeipinga hoja ya mwenziwe aliandika makala yake kwake, akamtaja yule anayempinga kwa jina, akaweka kiungo cha kumrudisha msomaji kwenye makala ya kwanza, ili msomaji mwenyewe awe kadhi baina yao. Kisha watu wakahama. Facebook na Twitter ziliwazoeza jibu la papo kwa papo, na tarehe 1 Julai 2013 Google ikakifunga chombo chake cha Google Reader, ambacho wasomaji wengi wa blogu duniani walikitumia kukusanya makala mpya mahali pamoja. Tangu hapo mwandishi amelazimika kumtafuta msomaji wake mmoja mmoja, mlango kwa mlango.

Waliobaki hawakubaki kwa ukaidi tu. Mfano mmoja ni wa Mohamed Said, mwandishi wa kitabu cha maisha ya Abdulwahid Sykes kilichochapwa mwaka 1998, ambaye blogu yake imekuwa ghala ya historia ya TANU na ya wazee waliopigania uhuru ambao vitabu vya shule viliwapita kimya. Si lazima msomaji azikubali rai zake zote. Zipo nisizozikubali mimi, na wamekuwapo waliobishana naye kwa ukali. Lakini itazame namna ya kazi yenyewe. Mwandishi anajulikana kwa jina na wajihi, picha za zamani zimewekwa zionekane, watu wametajwa mmoja mmoja, na mbishi wa leo anaweza kuitoa makala ya miaka mingi iliyopita akamwuliza mwenyewe: hapa ulisema hivi, sasa wasema vile, sababu ni nini? Swali la namna hiyo halina pa kusimama katika kundi la simu, ambako maneno ya juzi yamekwisha zikwa chini ya mamia ya maneno mengine, na ambako waraka mrefu usio na mwandishi hupokewa kutoka kwa shemeji, naye aliupokea kutoka kwa rafiki, na rafiki hajui ulikotoka. Mazungumzo ya fikira yanataka mtu wa kuulizwa, na blogu humweka mtu huyo mlangoni.

Jambo la pili blogu inalolitoa ni wasaa wa kumwandikia mtu asiyekujua. Hapa Tabora tuna ushahidi ulio karibu sana na macho yetu, kwani tembe la Kwihara, alikokaa Stanley na baadaye Livingstone, ni makumbusho ambayo yeyote anaweza kwenda kuyaona. Stanley alipofika Unyanyembe alikuta furushi la barua za Livingstone limelala, na juu yake imeandikwa tarehe 1 Novemba 1870. Barua hizo zilimfikia mwenyewe Ujiji baada ya mwaka mzima. Naye Livingstone alikuwa na yake ya kupeleka. Alikuwa ameyaona kwa macho yake mauaji ya sokoni Nyangwe, kando ya mto Lualaba, tarehe 15 Julai 1871, wanawake waliokuja kuuza vyakula vyao walipopigwa risasi na watu wa misafara na wengine wakazama mtoni, akayaandika. Maandishi yake yaliondoka na Stanley walipoagana tarehe 14 Machi 1872, yakasomwa Ulaya na Marekani na watu ambao hawakupata kusikia jina la Nyangwe, na tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash akatia sahihi mkataba wa kulifunga soko la watumwa la Unguja. Sidai kwamba maandishi hayo peke yake ndiyo yaliyolifunga soko, maana manowari za Waingereza nazo zilikuwa na sauti yao. Nasema kwamba neno lililokawia karibu mwaka njiani halikupoteza nguvu, kwa sababu lilisema ni wapi, ni lini, nani aliona na aliona nini, hata mgeni wa mbali akaweza kulipima. Andika hivyo. Usimwandikie jirani anayejua tayari mtaa wa Kanyenye uko wapi na mtemi fulani alikuwa nani. Mwandikie msomaji wa Mombasa, wa Bukavu, wa Muscat, au mjukuu wako ambaye hajazaliwa, na utajikuta unalazimika kueleza mambo ambayo wewe mwenyewe ulidhani unayajua.

Na hapo hapo pana upungufu ambao hauna budi kutajwa. Wanawake wa Nyangwe hawakuandika barua. Wapagazi wa Kinyamwezi, walioibeba biashara yote ya njia ile mabegani, hawakuacha nyaraka nyingi kama walizoziacha wageni waliotembea mbele yao wakiwa hawana mzigo. Blogu nayo husikiliza mwenye simu, mwenye bando, mwenye umeme na mwenye wepesi wa kuandika, na kumwacha bibi anayejua njia ya kuhifadhi asali ya miombo kuliko mabwana shamba wote wa wilaya. Kama unaandika kuhusu ufugaji nyuki wa Sikonge au kuni zinazoteketea kwa kukausha tumbaku ya Urambo, nenda kwanza ukaketi na mrina asali na mkulima, uandike maneno yao kwa idhini yao, uwasomee ulichokiandika kabla hujakitoa, na uwaulize kama wanataka majina yao yaonekane au la. Kazi hii ni ya siku nyingi, nayo ndiyo inayotofautisha makala ya kudumu na porojo.

Sasa nije kwenye kujibizana, maana ndiko hasa mazungumzo yanakopona au kufia. Watu hudhani kwamba ustaarabu wa kubishana kwa maandishi ni kitu cha kuazima kutoka nje, ilhali tunao wetu wa zamani. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutoka Dar es Salaam mwezi Januari 1923, lilikuwa na kurasa ambamo makarani, walimu na askari wa bara na pwani walitungiana mashairi ya kuulizana na kujibizana. Aliyejibu alimtaja anayemjibu, akafuata bahari ya shairi la kwanza na mara nyingi hata vina vyake, na kama hakuweza kuvifuata wasomaji walijua kwamba ameshindwa kabla hawajaitazama hoja. Saadani Kandoro, mmoja wa wale watu 17 walioiasisi TANU mwaka 1954, alikuwa mshairi wa malezi hayo ya magazeti. Siwaombi wenye blogu wajibizane kwa vina, ingawa ningefurahi. Nawaomba walitwae sharti lililokuwa nyuma ya vina, yaani kwamba huwezi kumjibu mtu mpaka umeonyesha kuwa umemsikia, kwa kuyatembea maneno yake kwanza kabla ya kuyaongoza yako.

Tuseme wewe ni mwalimu wa Urambo, nawe umeandika kwamba Mirambo alikuwa mjenzi wa dola. Umetoa hoja kwamba aliziunganisha himaya ndogo nyingi, kwamba tangu mwaka 1871 alipigana na Waarabu wa Tabora na mtemi Mkasiwa wa Unyanyembe akaifunga njia ya misafara, na kwamba kabla hajafa mwezi Desemba 1884 alikuwa akiandikiana barua na wamisionari na hata na balozi wa Kiingereza aliyekuwa Unguja. Asubuhi ya pili jibu la kwanza linaingia: "Huyo Mirambo wenu alikuwa mwizi na mchoma vijiji. Acheni kutudanganya." Mwandishi mwenye hamaki hufanya moja katika mambo mawili, ama hulifuta, ama hujibu kwamba msemaji hakusoma shule, na katika hali zote mbili mazungumzo yamekwisha, na wasomaji waliokuwa wanatazama pembeni wamejifunza kwamba katika ukumbi huu hoja haina thamani.

Mwenye insafu huyaacha maneno yale yalale usiku mmoja, kisha huyavunja ganda atazame kilichomo. Ndani yake mna swali zito kuliko makala nzima: dola ilijengwa, sawa, lakini ilijengwa kwa gharama ya nani? Basi aandike hivi: "Ndugu yangu, wasema kwamba ruga-ruga, askari wa Mirambo, walichoma vijiji. Ni kweli, walichoma. Mimi nilisema alijenga dola, na kwa maneno yako naona hoja yako ni kwamba jengo hilo lisisifiwe bila kutajwa waliovunjiwa nyumba ili lisimame. Je, katika masimulizi ya wazee wa kwenu kunatajwa kijiji gani, na waliosalia walikimbilia wapi?" Angalia jibu hili limefanya nini. Limekubali lililo kweli bila kulivalisha udhuru, limeitengeneza hoja ya mpinzani ikawa bora kuliko alivyoileta mwenyewe, kisha limemwuliza jambo ambalo yeye analijua na mwandishi halijui. Mtu aliyekuja na fimbo amepewa kiti cha shahidi. Huenda asirudi, wengi hawarudi. Lakini akirudi na jina la kijiji, usiliache jibu lake chini kabisa ambako halisomwi na mtu. Lipandishe, kwa ruhusa yake, liwe makala inayosimama peke yake kwa jina lake, kwa heshima ile ile uliyoipa ya kwako.

Nitoke njiani kidogo niseme neno juu ya utani, kwa kuwa sisi watu wa njia ya misafara tuna deni nao. Inasimuliwa kwamba utani wa Wanyamwezi na makabila ya njiani hadi pwani ulikuzwa na safari zile, pale wageni waliokuwa wakiogopana walipopata kanuni ya kutukanana bila kuumizana, kuchukuliana vitu bila kuitana wezi, na kuzikana inapobidi. Utani huo unataka kujuana. Mzaramo anayemtukana Mnyamwezi msibani anafahamika ni nani, na kwa hiyo tusi lake ni takrima. Maandishi yakipoteza uso, mzaha hubaki bila mtani, na kilichokuwa chumvi huwa sumu. Ushauri wangu ni kwamba usimtanie kwa maandishi mtu usiyejuana naye, hata kama kabila lake ni watani zako tangu enzi za mababu.

Tukirudi katika upungufu wa blogu, mkubwa kuliko wote ni kwamba ni nyumba ya mtu mmoja. Mwenye nyumba ndiye mwenye funguo: anaamua jibu lipi lionekane, lipi lingoje, lipi lifutwe, na anaweza hata kuibadilisha makala yake usiku baada ya kushindwa mchana, asubuhi mbishi wake akaonekana mwendawazimu anayepinga neno ambalo halipo. Mamlaka ya namna hii humharibu hata mtu mwema. Dawa yake ni ahadi zinazotolewa hadharani mapema: andika katika ukurasa wa kwanza ni maneno gani utayakataa, yaani matusi, uchochezi, na habari za siri za watu, na useme kwamba hutalikataa jibu kwa sababu tu linakupinga, na kila unapogeuza jambo katika makala iliyokwisha toka, acha alama ya tarehe na useme umegeuza nini. Haya ni mambo madogo kuyatenda, na mwandishi asiyeyatenda hana haki ya kulalamika kwamba wasomaji hawamwamini.

Upungufu mwingine ni wa sheria na fedha, nao hauponywi kwa adabu. Mwaka 2018 Tanzania ilitoa kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizomtaka mwenye blogu aombe leseni kwa Mamlaka ya Mawasiliano, kwa ada ya maombi ya shilingi 100,000 na leseni ya shilingi 1,000,000 kwa mwaka, kiasi ambacho mwalimu wa shule ya msingi hakitoi bila kuinyima nyumba yake chakula. Mwezi Juni mwaka ule wasio na leseni waliamriwa kusimama, na hata JamiiForums, jukwaa lililokuwapo tangu mwaka 2006, lilizimika kwa muda. Blogu nyingi ndogo zilinyamaza wakati huo, na zilizonyamaza hazikuwa zile za udaku zenye matangazo, bali zile za mtu mmoja mwenye hoja na asiye na mapato. Kanuni zimebadilishwa zaidi ya mara moja tangu hapo. Kwa hiyo kabla hujaandika neno la kwanza, nenda kaulize Mamlaka yenyewe aina gani ya uandishi inahitaji leseni na kwa ada gani, wala usitegemee habari za kijiweni. Isome pia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, hasa yale yahusuyo habari za uongo, maana mwandishi anayeijua mipaka yake huandika kwa utulivu zaidi kuliko anayeikisia.

Kisha kuna kupotea. Blogu nyingi za Kiswahili za miaka ile ya mwanzo hazifunguki tena, ama kwa sababu mwenyewe aliacha kulipia jina, ama alisahau nywila, ama amefariki na warithi wake hawakujua kwamba ameacha kitu. Karatasi iliyokunjwa katika sanduku la bibi huko Kwihara inaweza kuishi miaka 100 bila kumwomba mtu ada. Kwa hiyo kila makala uliyoiona inafaa ichape, uiweke nyumbani, na nakala nyingine umpe mtu wa mji mwingine au uipeleke maktaba ya mkoa. Na kwa kuwa Internet Archive, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1996, humruhusu mtu yeyote kuiomba ihifadhi ukurasa fulani, fanya hivyo pia siku ile ile unapoitoa makala. Mwambie na mtoto wako nywila iko wapi. Picha zako zipunguze ukubwa, maana msomaji wa Kaliua anakusoma kwa bando la shilingi chache, na ukurasa unaomaliza bando lake hatarudi kuutazama.

Kimya nacho ni sehemu ya kazi hii, na heri ujue mapema. Utaandika makala ya kurasa 5 juu ya reli iliyofika Tabora mwaka 1912 na jinsi ilivyowaondolea wapagazi mizigo na riziki kwa pamoja, na hakuna atakayejibu, ilhali picha ya embe bovu katika Facebook itapata watu 200. Usiipime blogu kwa hesabu ya vichwa. Ukipata wasomaji 5 wanaokujibu kwa makini, waandikie mmoja mmoja, waombe wakuonyeshe pale ulipopwaya, na uwakaribishe waandike kwao ili nawe ukawajibu huko. Maana blogu moja ni hotuba, na mazungumzo huanzia kwa mbili. Viungo vya makala zako vipeleke katika makundi ya WhatsApp ambako watu wapo, lakini ubishi ukianza huko waombe wauhamishie kwenye makala, ambako utasomeka hata mwaka ujao.

Liko bado jambo moja ambalo blogu hailiwezi, na kwa kulieleza hilo hapana mahali panapofaa kuliko Tabora. Mwezi Januari 1958 wajumbe wa TANU walikutana katika mji huu kuamua kama chama kiingie au kisiingie katika uchaguzi wa kura tatu, ambao mpiga kura alitakiwa kuchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, kwa masharti ya elimu na kipato yaliyowaacha Waafrika wengi nje. Wajumbe wengi walikuja wakiwa wamekwisha azimia kususa, na hoja yao haikuwa ya kipumbavu, kwa kuwa kushiriki kulionekana kuibariki dhuluma. Julius Nyerere, ambaye alisoma katika shule ya serikali hapa Tabora, alisimama akawashawishi kwamba kususa kutawaachia wapinzani baraza zima. Walibishana, walikasirika, wakaamua kuingia, na uamuzi huo umebaki katika historia yetu kwa jina la Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu hakuridhika, akajitenga na kuanzisha chama cha African National Congress. Katika uchaguzi uliofanywa kwa awamu mbili, mwaka 1958 na 1959, TANU na wale iliowaunga mkono walishinda.

Jambo kama lile lisingaliamuliwa kwa makala za kujibizana, hata zingaliandikwa na malaika. Ilihitajika watu waketi chumba kimoja, waonane nyuso, wachoke pamoja, mtu ajue kwamba akishindwa atatoka mlango mmoja na aliyemshinda, na mwisho wa siku pawe na kura inayomfunga kila mmoja. Blogu haifungi mtu. Huweza kuwaandaa wajumbe kabla ya mkutano, kwa kuwapa hoja zilizopikwa wakaja wamezitafuna, na huweza kuuhifadhi mkutano baada yake, pamoja na hoja za walioshindwa, ambazo kumbukumbu rasmi huwa na haraka ya kuzisahau. Anayetaka kuamua bei ya mazao ya chama cha ushirika au mpaka wa kijiji na hifadhi kwa kuandikiana katika mtandao anajisumbua. Na aende mkutanoni, kisha arudi aandike.

Na maadamu nimeutaja mwaka 1958, nina ombi kwa kijana wa Tabora anayesoma haya huku akijiuliza aanze na makala gani. Aliyekuwa na umri wa miaka 20 Januari ile, aliyewapikia wajumbe, aliyewapa malazi Gongoni au Cheyo, au aliyesimama nje dirishani akisikiliza, alizaliwa yapata mwaka 1938, na wa rika lake walio hai sasa ni wachache na hawaongezeki. Wengi wao hawajapata kuulizwa na mtu neno lolote kuhusu siku zile. Waulize wiki hii, andika walivyosema bila kuwasahihisha, weka jina lako na tarehe chini yake, na uache mahali pa kujibiwa.